Kastaafu akiwa kafunga kuliko wote kwenye historia, bila medali hata moja ya ubingwa. Tatizo lilikuwa nini? (Patrick Horgan wa Cork)

#1 NesiWaMtoLee

Wakuu habari za jioni.

Niko Cork, Ayalandi, mwaka wa saba huu, kazi yangu ya wodini. Wiki nzima hii wodi haina habari nyingine, Patrick Horgan kaacha kuichezea kaunti. Miaka 37, misimu 18, kuanzia 2008 mpaka 2025, na anaondoka akiwa amefunga pointi nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kucheza michuano ya ubingwa wa halingi. Siku anaondoka alikuwa namba moja, wote chini yake. Sasa hesabu medali zake za ubingwa wa Ayalandi nzima: hamna. Sifuri.

Kwa wasioujua huu mchezo nifafanue haraka. Watu 15 kwa 15, dakika 70, kila mtu ana gongo la mbao lenye ncha bapa, ukiliona utadhani mwiko wa kusongea ugali wa harusi. Kimpira ni cha ngozi, gramu 110 mpaka 120, yaani uzito mara mbili ya mpira wa tenisi, na kinapigwa hewani. Kikipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo ni pointi 1, kikiingia chini kwa kipa ni goli. Matokeo yanaandikwa hivi: 3-16, maana yake magoli 3 na pointi 16.

Mzee mmoja wa kitanda cha dirishani kaniambia jana, "yule angezaliwa Kilkenny angekuwa nazo nane" (Kilkenny ndio kaunti yenye makombe mengi kuliko zote). Wa kitanda cha pili akadakia, "angezaliwa Kilkenny angekaa benchi". Wamenuniana mpaka chai ya saa kumi. Nawaletea nyie sasa mnisaidie kuamua.

#2 Gwiji_Kijiweni

Nimeona neno gongo nimeingia mbio nikajua uzi wa kinywaji. Haya narudi nyuma taratibu.

#3 MtuWaTakwimu

Mkuu #1 uzi mzuri, ila hiyo rekodi ipimwe vizuri kabla hatujalia. Horgan ndiye alikuwa mpiga frikiki wa Cork karibu maisha yake yote. Kila faulo ya umbali wa kawaida ni pointi ya mtu mmoja. Halafu tangu 2018 walibadilisha mfumo, kwenye jimbo la Munster timu tano zinacheza ligi ndogo, una uhakika wa mechi nne kila mwaka. Zamani ukipigwa moja umeenda kwenu kulima. Christy Ring, naye wa Cork na naye wa klabu hiyohiyo ya Glen Rovers, aliacha na 33-208, jumla pointi 307, na akabeba ubingwa mara 8. Mpe Ring mechi nne za uhakika kila mwaka na frikiki zote uone.

Kwa hiyo jibu langu: hakuna fumbo. Rekodi inatokana na wingi wa mechi, medali inatokana na timu. Vitu viwili tofauti.

#4 Bint_Makorora

Goli ni pointi mbili au tatu? Mbona #1 hujasema, nimepiga hesabu ya 33-208 haitoki 307 kabisa

#5 NesiWaMtoLee

Tatu dada, nisamehe nimeruka. 33 mara 3 ni 99, jumlisha 208.

#6 Bint_Makorora

Haya imetoka. Asante.

#7 Kaka_Taita

#3 umeongea kitaalam lakini umeacha upande wa pili. Hao wengine walio kwenye orodha nao walikuwa wapiga frikiki! Henry Shefflin wa Kilkenny, 27-484, alipiga frikiki. Eddie Keher kabla yake, 35-336, frikiki. Joe Canning wa Galway, frikiki. Huwezi kumkata Horgan peke yake kwa kosa ambalo wote wamelifanya. Na Shefflin ana medali 10 za ubingwa, kumi nzima wasee, kwa hiyo kupiga frikiki hakumzuii mtu kubeba kikombe.

Alafu watu husema frikiki kama ni kitu rahisi. Kimpira kiko chini kwa nyasi, huruhusiwi kukigusa na mkono, unakinyanyua na ncha ya gongo lenyewe kinaruka mpaka usawa wa kiuno na kabla hakijashuka umeshakipiga. Upepo unavuma, watu elfu themanini wanakuzomea. Jaribu na mwiko wako na ndimu hapo jikoni ndio uje tuongee.

#8 Gwiji_Kijiweni

Nimejaribu na ndimu. Nimevunja glasi. Mama watoto anauliza huu uzi unahusu nini.

#9 Mwanakijiji_Cork

😂😂 #8

Mi pia niko Cork, upande wa kaskazini, karibu na mtaa wa Blackpool wanakotoka hao Glen Rovers. Nataka nimjibu #1 kwa habari nnayoijua kwa macho yangu maana nilikuwa hapa 2013.

Fainali ya 2013, Cork na Clare. Cork walikuwa nyuma mechi karibu yote. Dakika za nyongeza, Horgan anapata kimpira, anapiga, pointi, Cork mbele kwa moja 3-16 kwa 0-24. Hapo ilikuwa imeisha. Baa niliyokuwepo watu wameshaanza kukumbatiana, jamaa mmoja kanimwagia bia mgongoni. Ndio anatokea beki wa pembeni wa Clare, Domhnall O'Donovan, beki! ambaye hajawahi kufunga hata pointi moja kwenye mechi za ubingwa maisha yake yote, anajikuta huku mbele, anapiga, inaingia. Droo. Wakarudiana wiki tatu baadaye, Clare wakaweka magoli matano, 5-16 kwa 3-16, matatu kati ya hayo ya kijana wa miaka 19 anaitwa Shane O'Donnell.

Sasa niambie hapo kosa la Horgan liko wapi? Mtu kafunga pointi ya ubingwa, beki aliyepotea njia kaifuta. Mi naita bahati mbaya, hamna cha mfumo wala nini.

#10 MtuWaTakwimu

#9 bahati ya mara moja naikubali. Ila fainali kacheza za miaka minne, bahati mbaya haiji kwa ratiba.

#11 Omolo_wa_Ziwa

Fainali tatu boss, sio nne. Nimesoma mahali

#12 MtuWaTakwimu

Nne. 2013, ambayo ni mechi mbili sababu ya marudio. 2021 walichapwa na Limerick 3-32 kwa 1-22, hiyo ilikuwa aibu ya pointi 16. 2024 Clare tena, baada ya muda wa ziada, 3-29 kwa 1-34. Na 2025 Tipperary, 3-27 kwa 1-18. Ukihesabu siku alizoingia Croke Park kucheza fainali ni siku tano. Zote hakutoka na kikombe.

#13 Omolo_wa_Ziwa

Siku tano. Aki pole.

Kumbe ni kama Tergat. Paul Tergat kakimbia mita 10,000 Olimpiki mbili, Atlanta na Sydney, zote akamaliza nyuma ya Gebrselassie, ile ya Sydney kwa sekunde 0.09. Na hakuna mtu wa kwetu anasema Tergat alikuwa mbaya.

#14 Chumvi_ya_Bagamoyo

Msituletee Tergat peke yake. Filbert Bayi, rekodi ya dunia mita 1,500 pale Christchurch 1974, dhahabu ya Olimpiki hana, 1976 Afrika ikasusia michezo, akaja kupata fedha 1980 kwenye kuruka viunzi na maji. Kuna watu wanatangulia na kikombe kinawapita pembeni.

#15 Omolo_wa_Ziwa

Nakubali mzee. Sare.

#16 Bandugu_Galway

Bandugu jambo. Miye niko ku Galway, nilitoka Kivu. Batu ya huku banaongea Joe Canning tu, Horgan hapana sana. Canning alipoteza fainali 2012, akapoteza 2015, yote na Kilkenny. 2017 akaipata, miaka 29 Galway ilikuwa inangoja. Demi-fainali ya ule mwaka na Tipperary, mechi iko sawa, dakika za mwisho kabisa, yeye iko pembeni sana karibu na laini, akapiga, ikaingia. 0-22 kwa 1-18. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mulango.

Kwa hiyo medali moja inatosha. Sasa hakuna mutu anamuuliza kitu.

#17 Kaka_Taita

#16 umegusa penyewe. Canning na Horgan wote wamezaliwa 1988. Mmoja kapata siku moja ya jua, mwingine hajapata. Uwezo karibu sawa. Nakumbuka pia Canning alikuwa na ile mechi alifunga karibu pointi zote za timu dhidi ya Kilkenny, ilikuwa 3-10 au ngapi

#18 MtuWaTakwimu

Umechanganya mafaili kaka. 3-10 ni ya Horgan mwenyewe, robo fainali 2019 dhidi ya Kilkenny. Magoli yote matatu ya Cork kafunga yeye. Cork jumla walipata 3-18, yaani katika pointi 27 yeye ana 19. Na wakafungwa, 2-27.

Ya Canning ni 2008, mtoto wa miaka 19, dhidi ya Cork hao hao, kafunga 2-12 katika 2-15 za Galway. Na yeye akafungwa, Cork walipata 0-23.

#19 Kaka_Taita

Sawa nimekubali nimechanganya. Lakini umejimaliza mwenyewe hapo #18. Mtu anafunga 19 kati ya 27 dhidi ya miamba, wenzake 14 wote kwa pamoja wanachangia 8, alafu post #3 unasema rekodi ni wingi wa mechi. Wenzake walikuwa wanafanya nini? Wanamshikia chupa ya maji?

#20 FundiSeremala_Mwz

Naombeni kuuliza nje ya mada, hayo magongo ni mti gani?

#21 Mwanakijiji_Cork

Mti unaitwa ashi, wanachukua sehemu ya chini ya shina pale linapokunja kuingia kwenye mizizi ili nyuzi za mbao zifuate kona ya gongo, usipofanya hivyo linapasuka siku ya kwanza. Saivi kuna ugonjwa wa fangasi unaimaliza miti hiyo Ulaya nzima, wameanza kutengeneza mengine ya mianzi na ya plastiki. Fundi ukiwa na mninga wa kutosha njoo utajirike.

#22 FundiSeremala_Mwz

Mninga utakuwa mzito mkuu, mkono utachoka kabla ya mapumziko. Ngoja nifikirie mkongo. Hapana nao mzito. Ntarudi.

#23 Kipanga_wa_Pwani

Nyote mnazunguka. Mie nasema kama shabiki wa kutazama tu, Horgan alikuwa fundi wa mkono lakini mchezo ulimpita. Limerick walipoanza kutawala, 2018 kisha 2020 mpaka 2023 mfululizo, fowadi alianza kupimwa kwa kukaba. Unampokonya beki, unamzuia asipige, unagongana naye kifua. Horgan alikuwa mtu wa kungoja kimpira kije katika nafasi. Ndio maana 2022 kocha wake mwenyewe alimtoa kwenye kikosi cha kwanza akaanza kukalia benchi. Mtu ambaye ni hazina hawekwi benchi, ndugu zangu.

#24 NesiWaMtoLee

#23 hapo umegusa kidonda, huo ndio ugomvi wenyewe wa vitanda viwili. Ila ongeza na hili: 2023 kaja kocha mpya Pat Ryan, kamrudisha. 2024 Cork wakawatoa Limerick nusu fainali, hao hao wa kifua, 1-28 kwa 0-29, Limerick waliokuwa wanatafuta ubingwa wa tano mfululizo. Kwenye fainali, dakika za nyongeza, Cork nyuma kwa moja, frikiki. Ana miaka 36. Kaipiga Horgan, ikaingia, 3-21 kwa 1-27, muda wa ziada.

Siku hiyo nilikuwa zamu. Jumapili mchana, tivi ya wodi imefunguliwa, na kuna bibi mmoja hakutaka kutazama kabisa, kageukia ukuta na redio ndogo sikioni na rozari mkononi, kila frikiki anasimamisha punje. Nilikuwa nampima presha, ikawa juu nikaandika, nikasema ngoja nirudie baada ya mechi. Dakika ya mwisho Robbie O'Flynn anapiga huku jezi yake imevutwa wazi kabisa mpaka bega linaonekana, inatoka nje, refa anamaliza mpira. Pointi moja. Bibi hakusema kitu. Alizima redio, akaniambia "sasa njoo unipime".

Ilikuwa imeshuka, sijui kwa nini.

#25 Bint_Makorora

Jamani huyo bibi 😭

#26 Kipanga_wa_Pwani

#24 hadithi tamu lakini hujajibu. Benchi alikaa au hakukaa?

#27 NesiWaMtoLee

Alikaa. Nimekubali toka mwanzo wa post. Nawe jibu, benchi lilimpa Cork ubingwa 2022?

#28 Kipanga_wa_Pwani

Halikumpa.

#29 Gwiji_Kijiweni

Nimesoma uzi wote sasa na nina suluhisho. Angehama. Harry Kane alikaa Tottenham anafunga tu bila kombe, akaenda Bayern, 2025 kabeba ligi. Horgan angesaini Limerick miaka miwili mambo yaishe. Hakuwa na meneja wa kumshauri?

#30 Mwanakijiji_Cork

Hahaha #29 huku hakuna kusaini. Unachezea kaunti ya kwenu basi. Na hawalipwi! Ni wachezaji wa ridhaa wote, chama chao kimeundwa 1884 na mpaka kesho msimamo ni huo huo, wanarudishiwa nauli na vitu kama hivyo. Jumapili anacheza mbele ya watu 82,000, Jumatatu mwalimu yuko darasani na fundi umeme yuko darini.

#31 Gwiji_Kijiweni

Hawalipwi???

#32 Gwiji_Kijiweni

Yaani kagongwa magongo miaka 18, fainali nne kapoteza, BURE? Mi naondoa hoja yangu yote. Mpeni medali zote huyu bwana.

#33 Chumvi_ya_Bagamoyo

Hapo #30 ndipo kwenye mzizi wa jambo na watu mnapita juu juu. Kama mchezaji hahami, basi bahati yako ni kizazi ulichozaliwa nacho. Nimekaa huko zamani kidogo, nawaambia mambo ya Cork.

Mpaka Horgan anastaafu, ubingwa wa mwisho wa Cork ulikuwa wa 2005. Horgan kaingia 2008. Kati ya hapo na hapo nyumba ilikuwa inaungua: wachezaji wa Cork waligoma mara tatu ndani ya miaka kama saba, 2002, halafu majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008, halafu tena mwaka uliofuata, na mwanzo wa ligi ya 2009 kaunti ikaingiza wachezaji wengine kabisa mpaka kocha akajiuzulu Machi. Kijana wa miaka 20 ndio anaanza kazi kwenye nyumba hiyo. Pili, angalieni vijana: Cork walichukua ubingwa wa vijana wadogo 2001, na tena hawakuuchukua mpaka 2021. Miaka ishirini hakuna mazao. Shamba halikupandwa. Horgan alisimama peke yake katikati ya shamba tupu, ndiyo maana #19 anauliza wenzake walikuwa wanafanya nini. Wenzake hawakuwepo, hawakulelewa.

Kizazi kizuri kikaja yeye akiwa na nywele za mvi.

#34 MtuWaTakwimu

Mzee #33 heshima, hiyo nimeielewa na inanisumbua. Ila 2013 walikuwa na vijana wengine, na Munster wamebeba naye mara nne, 2014, 2017, 2018 na 2025. Shamba halikuwa tupu kihivyo. 2018 nusu fainali walikuwa mbele ya Limerick dakika za mwisho wakaachia, wakapoteza muda wa ziada 3-32 kwa 2-31. Mimi naona Cork walijua kufika, hawakujua kufunga mlango. Ukipata pointi 31 na magoli mawili ukashindwa, usimtafute fowadi, mtafute beki.

#35 Kaka_Taita

Kumbe sasa umehama kutoka #3, karibu upande wetu 😂

#36 MtuWaTakwimu

Sijahama. Nimesogea kiti.

#37 Mkalenjin_wa_Bonde

Wasee nimepita tu. Nyinyi mnaongea Cork kama ni mbali, sisi huku Iten mtu wa Cork tunamjua kitambo. Father Colm O'Connell alikuja kufundisha St Patrick's 1976 akaanza kufundisha watoto kukimbia na yeye mwenyewe hakuwa mwanariadha. Rudisha ametoka mikononi mwake, dhahabu mbili za mita 800.

#38 Omolo_wa_Ziwa

Sio Father bana, ni Brother Colm. Bruda. Hata mtoto wa nasari anajua.

#39 Mkalenjin_wa_Bonde

Brother, sawa, simu imeandika yenyewe. Point yangu ni hii, Cork wametupa sisi kocha tukapata dhahabu, wao wakabaki na Horgan na fedha. Biashara ilikuwa yetu.

#40 Mwanakijiji_Cork

#39 nitaisema hii kesho kazini, nisipoonekana tena humu mjue kilichotokea.

#41 Mama_Wawili_Ballincollig

Habari zenu. Mi siyajui mahesabu yenu ila nina mtoto wa miaka tisa anacheza huu mchezo Jumamosi asubuhi, nilimpeleka sababu darasa lote wanaenda, nikaogopa atabaki peke yake. Siku ya kwanza nikamkuta kavaa helmeti yenye waya kama ya mfugaji nyuki (ni lazima kuivaa), gongo refu kuliko mguu wake, mvua inanyesha ya pembeni, na anacheka. Nikasema basi.

Nilichotaka kusema, yeye haongelei medali za Horgan. Anaongelea mikono. Ana video moja anairudia, Horgan mgongo uko golini, beki kamganda, nafasi ya kurusha gongo hakuna, anakunja tu viwiko hivi, anapiga kwa kifundo cha mkono. Mtoto kanionyesha kwa mwiko wangu (mimi sikuvunja glasi, #8) na kwa kweli nimeona tofauti: wengine wanazungusha gongo kama wanakata kuni, huyu kama anazima nzi. Nikamuuliza lakini hajawahi kushinda, akanijibu "ameshinda na Glen, mara mbili".

#42 Mwanakijiji_Cork

Na kweli mtoto kapatia! 2015 na 2016, ubingwa wa klabu wa kaunti ya Cork, Glen Rovers. Tumesahau wote humu. Na ligi ya taifa 2025, waliwachapa Tipperary 3-24 kwa 0-23, ligi ya kwanza ya Cork tangu 1998. Kwa hiyo #1 hapo juu kichwa cha habari kinasema "medali hata moja ya ubingwa", kirekebishwe, ni ubingwa wa Ayalandi nzima.

#43 NesiWaMtoLee

Nimekosea kwenye kichwa, kwenye maelezo nimesema sawa. Siwezi kuhariri tena, modi akipita atusaidie.

#44 Kipanga_wa_Pwani

Hiyo ya Tipperary ndiyo inaniuma mimi mwenyewe ninayempinga. Mwezi wa nne unamchapa mtu kwa pointi kumi, mwezi wa saba mtu huyo huyo anakuvua nguo. Mapumziko Cork mbele 1-16 kwa 0-13. Pointi sita. Kipindi cha pili chote wakapata pointi mbili. Mbili! Ndani ya dakika 35 na ushei. Penalti ya Conor Lehane ikaokolewa na kipa, beki mmoja akatolewa kwa kadi, Tipperary wakaweka 3-14 peke yao. Nimetazama mara mbili, sijaona kitu cha kumlaumu mtu mmoja. Ni kama umeme ulikatika.

#45 Gwiji_Kijiweni

Uchawi. Mmezunguka pote hamjataja uchawi. Clare wamemfunga mara mbili, beki ambaye hajawahi kufunga anafunga, pointi mbili kipindi kizima. Bagamoyo mzee #33 unalijua hili unanyamaza.

#46 Chumvi_ya_Bagamoyo

Usinichokoze kijana.

#47 Bandugu_Galway

Ku Galway nayo bazee banasema kulikuwa na laana ya padri, hakuna ubingwa. Ubingwa wa 1980 ukaimaliza. Basi si laana.

#48 Kaka_Taita

#45 akuna uchawi hapo, ni #34, mabeki. Nimerudi kuhesabu, kwenye hizo siku tano za fainali Cork wamefungwa magoli 14 kwa jumla: 0, 5, 3, 3, 3. Droo tu ndio walifunga mlango wa goli, wakaachia pointi 25.

#49 MtuWaTakwimu

Nimehakiki #48, ni sahihi.

#50 Kipanga_wa_Pwani

Na mabeki wa wapinzani atawakaba nani kama fowadi wako hakabi huko mbele? Kimpira kinachofika kwa beki wako kimetoka kwa beki wao aliyeachwa huru apige anavyotaka. Tumerudi kwenye benchi la 2022.

#51 Kaka_Taita

Tumerudi kweli. Na 3-10 ya 2019 je?

#52 Kipanga_wa_Pwani

Walifungwa.

#53 Kaka_Taita

😩

#54 FundiSeremala_Mwz

Nimerudi. Nimechonga moja kwa mti wa mpera, nyuzi zake zimekunjamana, haupasuki ovyo. Gramu sijapima ila mkono haujachoka. Nani yuko Ayalandi nimtumie ajaribu, malipo ni ukweli tu kama limevunjika.

#55 Mama_Wawili_Ballincollig

Mimi. Inchi ngapi? Wa kwangu anatumia 26, na la sasa kalipasua Alhamisi kwenye ukuta wa jirani.